Kapita wa Mashimo Matupu

Kazi yake ilikuwa kuchimba mashimo na kuyafukia, na kwa hilo alilipwa mshahara. Rumonge nzima tulimcheka. Watu wengine walichimba visima wakapata maji, walichimba vyoo wakapata mahali pa kujisitiri. Yeye alichimba mchana kutwa, akatazama ndani, akaandika kidogo, kisha akarudisha udongo palepale ulipotoka. Wavuvi wakipanda kutoka ziwani walimwita kwa mbali, "Kapita, leo umepata nini?" Na yeye, bila kuinua kichwa, "Nimepata kina." Wakamwita Kapita wa mashimo matupu, na jina likakaa.

Nitayaeleza mashimo yale, mtu asije akadhani alikuwa mwehu. Barabara ya kando ya ziwa, inayotoka Bujumbura, ikapita Muhuta, ikafika kwetu na kuendelea kusini, ilikuwa nyembamba na ya vumbi, na kila mkubwa aliyekuja alitaka kuipanua. Mzungu mmoja wa makumbusho aliomba kwamba kabla katapila haijapita, njia yote ijaribiwe kwa mitaro. Kila hatua mia mbili mtaro mmoja, urefu hatua kumi, upana hatua mbili, ili ionekane kama chini kuna vitu vya watu wa kale: vigae vya vyungu, majivu, mavi ya chuma ya wahunzi, makaburi. Vikiwepo, injeniyeri anaambiwa, vitolewe kwanza au barabara ikwepe. Visipokuwepo, katapila inakuja. Kapita ndiye aliyewasimamia wachimbaji, na ndiye aliyesema vipo au havipo.

Mimi nilimjua tangu kabla ya Uhuru, na katika miaka saba ya mwisho nilitaka kwake neno moja tu. Nilitaka aniambie kama mume wangu yumo katika mtaro mmoja alioufunga peke yake, kiangazi cha sabini na mbili, upande wa Gatete. Hakuniambia. Nilimchukia kwa hilo, tena kwa moyo wote, na bado nasema alikuwa mtu bora kuliko wengi niliowaitikia salamu. Haya, nianze na udongo, maana yeye mwenyewe asingekubali nianze na kitu kingine.

Alitembea akitazama chini. Wasiomjua walidhani ni mnyenyekevu, kumbe kiburi alikuwa nacho tele, macho tu ndiyo yalikuwa kazini. Mkiwa katikati ya mazungumzo angeinama, achukue udongo kidogo, ausugue kati ya vidole, autie ulimini, ateme, halafu aendelee na sentensi palepale alipoiachia. Siku tuliyomzika imamu wetu wa zamani aliuonja udongo wa kaburi mbele ya waombolezaji, nusura apigwe. Mume wangu ndiye aliyemshika mkono akamtoa pembeni, na walipofika nyuma ya ukuta nikawasikia wanacheka, watu wazima wawili, siku ya mazishi. Sikuwasemesha mpaka jioni.

Kuhusu udongo alikuwa na maelezo yake, na alikuwa akiyarudia kwa kila mchimbaji mpya. "Udongo yenye haijaguswa inashikana. Mutu akiitoboa mara moja tu, hata kama ni babu ya babu yako, hairudi vile ilikuwa. Inakuwa mulaini, rangi inachanganyika. Utaifunika na majani, utajenga nyumba juu yake, mimi nitajua." Nilikuwa nadhani anajisifu. Kisha nikamwona siku moja amesimama kwenye uwanja wetu, anagusagusa chini kwa kisigino, akaniambia hapa palikuwa na choo. Nikamwambia hapana, tumeishi hapa miaka. Nikamuuliza mama mkwe. Palikuwa na choo, kabla mume wangu hajazaliwa.

Mtaro wake ulikuwa nadhifu kuliko nyumba za watu. Aliweka vigingi vinne na kamba, akachonga kuta kwa mwiko wa mwashi mpaka zikanyooka, akazipima kwa nati iliyofungwa kwenye uzi. Kila jioni aliufagia chini. Hakuna aliyekula karibu yake, hakuna aliyetema mate ndani. Mchimbaji mmoja aliwahi kukojoa kwenye kona ya mtaro akidhani Kapita hayupo, na alifukuzwa kazi siku hiyohiyo na njia nzima ikasikia sababu.

Na kufukia kwake kulikuwa na utaratibu. Udongo mweusi wa juu uliwekwa kwenye jamvi lake, mwekundu kwenye lake, wa mchanga kwenye lake, na wakati wa kurudisha ulianza wa chini kabisa, ukamaliza mweusi. Mwanamke mmoja aliyetoka Bugarama na mzigo wa ndizi alisimama akamuuliza kwa nini anajisumbua, udongo ni udongo. Kapita akamjibu kwa adabu kabisa, "Mama, mwenye nyumba hayuko. Lazima nipange kama nilivyokuta." Yule mama alimtazama, akajitwisha ndizi zake, akaenda zake bila kuaga.

Kwa mdomo alikuwa mwongo. Nasema hivi nikiwa nimempenda. Alidai alipigana Abisinia na askari wa Kongo wakati wa vita ya wazungu, na kila alipoisimulia cheo kilibadilika. Leo alikuwa mbeba risasi, kesho mpishi wa jenerali, na siku moja ya Idi, baada ya pilau yangu, alimkamata jenerali wa Kitaliano yeye mwenyewe ndani ya hema. Katika karata aliiba waziwazi. Mume wangu alikuwa akimwambia, "Kapita, umeficha karata chini ya paja," na yeye anaapa kwa mama yake huku karata inaonekana.

Lakini kulikuwa na kaye. Daftari la shule lenye mistari, jalada la bluu, na humo hakuwahi kuandika asichokiona. Wakati mmoja, baada ya mvua kubwa, ukuta wa mtaro ulibomoka, na chungu kizima kikaonekana kimelala chini, kizuri, na michoro shingoni. Mzungu wa makumbusho alifurahi akataka iandikwe kwamba kimetoka kwenye udongo wa chini kabisa, maana hapo kingekuwa cha zamani sana na chenye thamani. Kapita akaandika kwa mwandiko wake wa kubanana: "Chungu kizima. Kimeanguka. Sijui kilikaa wapi." Mzungu alikasirika. Kapita akamwambia, "Bwana, sikuona. Unataka nione nini?" Na chungu kikaenda makumbusho na maneno hayohayo.

Mimi niliingia kwenye kazi hiyo kupitia mume wangu, Baba Saidi, aliyekuwa karani kwenye kinu cha mawese. Alikuwa akimletea Kapita penseli za ofisini, na kwa malipo ya penseli Kapita akaja kuniuliza kama ninaweza kuosha vigae. "Mikono yako iko na subira?" Nikamwambia mikono inayo, mimi mwenyewe sina. Alifikiri kidogo akasema mikono inatosha. Basi nikaosha vigae kwa mswaki na maji ya ziwa, nikavianika juu ya jamvi uani, kila kikapu na namba ya mtaro wake, na vilipokauka niliandika namba ndogo kwa wino mgongoni mwa kila kigae. Nilipata pesa ya chumvi na sabuni, na uwanja wangu ukawa umejaa vyungu vilivyovunjika vya watu nisiowajua.

Niliharibu mara moja. Kikapu kimoja kilikuja na vigae vyeusi ti, vichafu sana, nami nikaona aibu vikauke hivyo. Nilivisugua kwa majivu na ganda la limau siku mbili, vikatoka vyekundu, vinang'aa. Nikamwita aje aone. Aliketi chini akakigeuza kimoja, akanusa, akakirudisha. "Ile nyeusi ilikuwa moshi ya jiko," akasema. "Na masalio ya chakula. Umeosha chakula ya mutu, Mama Saidi." Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe. Kwa siku mbili alipita mlangoni bila kuingia, na siku ya tatu akaleta kikapu kingine na kusema, "Hii usiipendezeshe."

Alikaa chumba kimoja nyuma ya soko, mtaa wetu wa Waswahili, na nadhani mimi na mume wangu ndio peke yetu tuliokanyaga mle ndani. Kitanda, sanduku la bati, jiko, kiti kimoja. Ukifika unapewa kiti, yeye anasimama. Nilimuuliza kwa nini asinunue cha pili, fundi seremala yuko palepale jirani. Akasema, "Nikinunua kitakaa kitupu, kitaniangalia." Alikuwa na watu wake ng'ambo ya ziwa, mji wa Baraka, Kongo, dada na watoto wa dada, ila hakwenda na hawakuja. Mke hakuwahi kumtaja. Alijipikia ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mawese na maharagi, akala amegeukia ukuta, na ukimpelekea sahani ya Idi ilirudi imeoshwa, na ndani yake sukari iliyofungwa kwenye karatasi, maana hakutaka kurudisha chombo kitupu.

Rafiki alikuwa naye mmoja tu, na huyo alikuwa mume wangu. Sijui walichokiona kila mmoja kwa mwenzake. Baba Saidi alikuwa mcheshi, mtu wa watu, anasalimia mpaka mbuzi. Kapita alikaa kwetu jioni tatu kwa wiki, akaibiwa tumbaku na akaiba karata, akaenda zake. Alipoondoka mume wangu alikuwa akisema, "Yule akifa nani atajua?" Nami nikamjibu, "Wewe utajua. Mbona unaharakisha?"

Siku ya Uhuru yenyewe watu wote walikuwa uwanjani, na ngoma, na nguo mpya. Mume wangu akageuka huku na huku akasema Kapita hayupo. Akanivuta mkono, mimi na kitenge changu kipya, tukaenda kando ya barabara, tukamkuta yumo mtaroni mpaka kifuani, peke yake, wachimbaji wote wameshakimbilia sherehe. Baba Saidi akamwambia, "Wewe, nchi imepata uhuru, toka humo." Akajibu, "Sijafika kwenye udongo yenye haijaguswa. Nikiacha wazi, ng'ombe itaingia." Mume wangu akavua viatu, akaruka ndani na shati lake jeupe, akamsaidia kumaliza. Tulifika uwanjani bendera ikiwa imeshapandishwa. Kapita alisimama nyuma ya watu wote, matope mpaka magotini, na nikaona machozi yanamtoka, akasema ni vumbi. Mzungu wa makumbusho aliondoka muda mfupi baadaye, akamwachia makaye na mwiko, na kazi za barabara zikaja na kukatika, zikaja na kukatika, na kila zilipokuja, injeniyeri mpya alimtafuta yeye.

Sasa sabini na mbili. Sitasema mengi, walioijua wanaijua. Mambo yaliharibika kwetu kabla hayajaharibika kwingine. Wakauawa hawa, kisha wakauawa wale, kisha yakaja malori, kamyo tunavyoyaita, na watu wenye orodha. Warundi wanauita wakati ule ikiza, gharika inayokuja na kupitia nyumba kwa nyumba. Baba Saidi aliitwa ofisi ya komini kutia sahihi karatasi, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Aliniambia nisimpikie mchana chakula kizito, tumbo halikuwa sawa. Jioni nilikwenda kuuliza, wakaniambia hawamjui.

Mwaka ule hatukuweza kulia kwa sauti. Mwanamke aliyelia alikuwa ameshatangaza kwamba anajua kitu. Na mimi sikujua kitu, hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Kwa dini yetu mke akifiwa anakaa eda miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato, bila kwenda popote, kisha anatoka na watu wanampokea. Nikaenda kwa shehe. Akaniambia, "Mama, mume aliyepotea hajafa mpaka ipatikane yakini, au shahidi aliyeona. Wapo wanachuoni waliosema usubiri miaka minne, kisha nikuhesabie eda. Wengine wanasema yakini tu. Chagua." Nilichagua kusubiri yakini. Ningekaa eda bila kujua, ningekuwa nimemzika mimi mwenyewe kwa mikono yangu, na labda yuko hai mahali anatengeneza njia ya kurudi.

Kiangazi hichohicho barabara ilianza tena. Wakubwa walitaka katapila ifike upande wa Gatete haraka. Kapita akaitwa, naye akaanza mitaro yake na wachimbaji wanne. Zamani walikuwa kumi na wawili. Hakuuliza wanane wako wapi, na hakuna aliyemwambia.

Mmoja wa wale wanne, mwanamume wa Muhuta, alikuja kwangu siku moja mchana, akasimama mlangoni na jembe begani. "Kapita ametufukuza leo," akasema. "Tulikuwa tumefika kwenye magoti tu. Akaweka mukono chini, akasema tutoke wote, twende nyumbani, mshahara iko palepale." Akashusha jembe. "Udongo ilikuwa mulaini sana, mama."

Nilitembea mpaka kule. Sikumbuki kama nilivaa viatu. Ilikuwa chini ya michikichi, hatua chache tu kutoka barabarani, na Kapita alikuwa ndani ya mtaro amechuchumaa, mgongo kwangu. Alinisikia akapanda haraka, akasimama kati yangu na shimo.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu."

"Kapita, kuna nini?"

"Nimesema hakuna kitu, Mama Saidi. Rudi nyumbani. Wakikukuta hapa itakuwa mubaya kwako na kwa mutoto."

Barabarani ilipita gari, akanisukuma nyuma ya mchikichi. Ilipopita, alianza kufukia, peke yake, mwekundu na mweusi pamoja, hakutenga chochote. Nilimtazama mpaka nikaona sina cha kutazama, nikarudi.

Siku ya tatu aliniletea makaye ninakili namba, kama kawaida. Nilifungua ukurasa ule. "Mtaro wa arobaini na moja. Hakuna kitu." Kwa mwandiko uleule wa kubanana. Na wiki hiyohiyo nikasikia amekwenda kwa injeniyeri akamwambia mahali pale maji iko chini, katapila itazama, ni afadhali barabara izunguke. Injeniyeri alimwamini, kwa sababu hakuna aliyewahi kukuta kosa kwenye mashimo yake. Barabara ikazunguka. Mpaka leo inapinda pale, pasipo na kilima wala mto, na madereva wanaitukana kona ile na kusema injeniyeri alikuwa amelewa.

Mimi nilijua. Mtaro usio na kitu haupindishi barabara. Nikajua ameona, na kwa kuwa ameona, anajua ni nani, na kwa kuwa hasemi, ni kwa sababu ni Baba Saidi. Halafu usiku huohuo nikajua kinyume chake, kwamba angekuwa yeye, Kapita angeniambia, rafiki yake. Nilizunguka hivyo miaka. Kwenda kuchimba sikuthubutu. Walikuwepo wa kutazama nani anasimama wapi, na nilikuwa na Saidi wa kulea.

Nilimrudishia vikapu vyake na mswaki. Nikamwambia asije kwangu tena mpaka awe na la kuniambia. Alikuja kila Idi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, "Amahoro, Mama Saidi," na mimi niliendelea kukuna nazi. Anasimama kidogo, anaondoka. Idi ndogo na Idi kubwa, miaka saba. Miaka minne ilipotimia shehe aliniita akaniuliza kama niko tayari kuhesabiwa. Nikamwambia shahidi wangu yuko hai na ana macho, nasubiri afungue mdomo. Wanaume wawili walikuwa wameshanichumbia, watu wazuri, na mmoja alisubiri mpaka akachoka akaoa kwingine. Nilikuwa mwanamke asiye na mume na asiye mjane. Kwenye harusi sikujua nikae na kina nani.

Ndipo siku moja Saidi, aliyekuwa keshapata kazi ya udereva, akaja kuniambia kwamba watoto wa dada yake Kapita wamekuja kutoka Baraka kumchukua. Macho yamekwisha, kifua kimekwisha, leo wanavuka naye. "Anakuomba, mama. Amesema uende ukitaka tu."

Nilikwenda asubuhi ile ile. Sikwenda kwa wema. Nilikwenda kwa sababu shahidi wangu alikuwa anavuka ziwa.

Chumba kilikuwa vilevile, isipokuwa sanduku lilikuwa limefungwa kwa kamba karibu na mlango. Yeye aliketi kitandani, amekonda, akageuza uso kwenye mlio wa hatua zangu. Akanyoosha mkono akakipapasa kiti, akakisukuma kwangu.

"Keti, Mama Saidi."

"Niambie," nikasema, kabla sijaketi.

Alisugua vidole vyake kama aliyeshika udongo. Kisha akasema, "Nilifika kwenye mutu mmoja. Mmoja tu. Chini yake kulikuwa na wengine, nilisikia kwa mukono, ila nilifika kwa mmoja. Alikuwa amelala kifudifudi. Niliona mugongo."

"Alikuwa nani?"

"Mugongo, Mama Saidi. Sikumugeuza."

Sikuelewa. Nikamwambia arudie. Akarudia, na safari hii alikuwa analia waziwazi, hakusema ni vumbi.

"Kazi yangu ilikuwa kugeuza. Kila kitu nilikigeuza, mifupa, vyungu, kila kitu. Yule nilishika bega, nikaacha. Rumonge ni ndogo. Ningemugeuza, ningemujua, kama haiko huyu, iko yule. Niliogopa iko yeye. Niliogopa kuliko Abisinia, na Abisinia sikwenda, unajua. Sikukuficha jina miaka hii yote. Sikuwa nalo."

Nilikaa kwenye kile kiti. Miaka saba nilikuwa nimemchukia mtu kwa kunifungia sanduku, na sanduku lenyewe halikuwa na kitu ndani. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika ile mikono, na sikufanya lolote, niliangalia kamba ya sanduku lake na fundo walilofunga wale vijana.

"Kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Ulitaka jibu. Nikusemee kwamba niliogopa?"

Nje mmoja wa wapwa zake alikuwa anabishana na mwenye boti. Kapita alifuta uso kwa kiganja, akainamia upande wangu.

"Siku ile alivaa nini?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo kumwambia. Kisha nikamuuliza kwa nini anataka kujua.

"Nitaenda kwa shehe leo, kabla ya boti. Watanishika mukono. Nitaapa kwamba niliona hiyo nguo, na nilimugeuza, na ilikuwa yeye. Iko maneno matatu tu. Utakaa eda yako, utatoka, utakuwa mutu kama wengine. Mimi naenda kufa, hakuna mwenye ataniuliza. Uniambie tu rangi."

Mtu huyo hakukubali kuandika chungu kilikaa wapi bila kuona. Nami nilikuwa nayo rangi ya shati mdomoni, na vifungo vyake, nilivishona mimi. Lilikuwa neno moja na ningetoka pale nikiwa na shahidi. Nitasema kweli, nililitamani neno lile kuliko nilivyowahi kutamani chakula. Kisha nikaufikiria ule mgongo. Ulikuwa wa mtu. Mahali fulani, Gatete au Muhuta au nyuma ya soko hilihili, yuko mwanamke anayeuliza kama mimi, na kitu pekee alichobakiwa nacho duniani ni mgongo ule, hata kama hajui.

"Ule mgongo una mwenyewe, Kapita," nikamwambia. "Kama si wangu, nikiuchukua, mwenzangu atabaki na nini? Usiape."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Alikuwa ananiita mwizi wa karata," nami nikamwambia ulikuwa mwizi kweli, na tukakaa. Nilimpikia ndagala mara ya mwisho kwenye jiko lake. Alikula amegeukia upande wangu. Wapwa zake walipoingia kulichukua sanduku, nilimshika mkono, akaubonyeza wangu, nikaondoka kabla hawajamnyanyua. Habari ya kifo chake ilivuka ziwa kabla ya Ramadhani.

Kutoka kwake sikupitia nyumbani. Shehe alikuwa kwenye baraza ya msikiti anasoma, akavua miwani aliponiona. Akaniuliza kama nimepata yakini. Nikamwambia sijapata. Akaniuliza kama nimepata shahidi. Nikamwambia sina.

"Sasa unataka nini, mama?"

"Miaka minne ilishapita. Nihesabie eda," nikasema. "Kuanzia leo."

Akaivaa miwani, akaitazama kalenda iliyoning'inia ukutani, akaanza kuhesabu kwa kidole.